TUSIWANYANG'ANYE WAZEE JEMBE, TUWATENGENEZEE BUSTANI

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mfanyakazi wa kiwandani, wa bandarini au wa ofisini, na mama yako au baba yako amebaki nyumbani Handeni, Korogwe au kwingineko, basi maneno haya yanakuhusu. Yanahusu kile kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba, ambacho pengine hukukitazama vema ulipokwenda likizo ya mwisho: matuta machache ya mchicha, mpapai mmoja, miche miwili mitatu ya nyanya chungu, na kijia chembamba kiendacho hadi penye pipa la maji.

Katika kipande kama hicho, kwenye kijiji kimoja cha Wilaya ya Handeni kilicho upande wa Mkata, bibi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na ushei alianguka wakati wa masika. Alikuwa amekwenda kuchuma mchunga wa mboga ya jioni. Kijia kilikuwa cha udongo mtupu, nao udongo ulikuwa umeloa tangu usiku. Alipojaribu kuruka tuta, kandambili iliteleza, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika.

Watoto wake watatu, wote wafanyakazi wa mjini, walifika haraka. Walimpeleka hospitali, wakalipa gharama, kisha wakakaa kikao cha familia. Uamuzi wao ulikuwa mmoja: Mama asishike jembe tena. Jembe likapandishwa darini.

Hapana shaka uamuzi ule ulitokana na mapenzi. Lakini hebu tuone yaliyofuata. Bustani ilimezwa na magugu. Majirani waliokuwa wakija kuomba mboga na kuacha habari za kijiji wakapunguza kuja. Bibi akawa mtu wa kukaa mkekani kutwa nzima, akingoja kuletewa. Miguu iliyozoea kwenda na kurudi ikapoteza nguvu. Haukupita mwaka, bibi akaanguka tena. Safari hii si bustanini bali chumbani, kati ya kitanda na mlango, mahali pasipo na tope wala kisiki.

"Mwanangu," aliniambia nilipomwamkia na kuketi karibu naye, "mkono uliovunjika ulipona. Kukaa ndiko kulikoniangusha mara ya pili."

ADUI SI JEMBE

Maneno ya bibi huyu yanakubaliana na elimu ya uganga. Mwili wa mzee usiotumika hudhoofika upesi kuliko wa kijana. Misuli ya mapaja hupungua, viungo hukakamaa, na ule wepesi wa mtu kujizuia asianguke hutoweka. Kulima kidogo, kupalilia, kuinuka na kuketi ni mazoezi yanayomkinga mzee. Licha ya hayo, bustani humpa mboga asiyoinunua, senti chache za chumvi, na heshima ya kuwa mtu wa kuombwa badala ya kuwa mtu wa kuomba tu.

Lakini hatari nayo ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wanaokufa zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60. Hapa Tanzania, Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa umri huo zaidi ya milioni mbili na nusu, na wengi wao wanaishi vijijini, kwa jembe.

Tena tukumbuke wazee hawa ni akina nani. Aliyekuwa kijana wa miaka 22 mwaka 1972, lilipotolewa Azimio la Siasa ni Kilimo kule Iringa, sasa amepita miaka 70. Ndio waliochimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Kuwaambia leo kwamba jembe si lao ni kuwaondoa katika kazi iliyowafanya wawe watu wanaotegemewa.

Basi adui si jembe. Adui ni utelezi, kisiki, shimo, mwiba, ndoo nzito na jua la saa sita. Hayo yote yanaweza kuondolewa au kupunguzwa, na mengi hayahitaji fedha bali siku mbili za likizo yako.

ANZA NA NJIA

Simama mlangoni kwa mzazi wako, utembee polepole mpaka bustanini, kisha chooni, kisha penye maji. Tembea kama mtu mwenye magoti mabovu na macho yenye ukungu. Utaona mambo ambayo hukuyaona: mzizi wa mwembe uliojitokeza, kisiki cha mpera, waya wa kuanikia nguo uliolegea, shimo la taka lisilo na ukingo.

Njia ya bustanini iwe na upana wa futi 3, ili mzee apite na mkongojo wake, na ikibidi apite na mtu wa kumshika mkono. Ng'oa visiki na mizizi, usiikate juu juu tu. Tandaza changarawe ndogo na uishindilie kwa nguvu. Mawe ya mviringo yaliyolegea ni hatari kuliko udongo wenyewe. Njia iinuke kidogo katikati, na kando yake pawe na mfereji mdogo wa kutoa maji ya mvua. Panapoinuka, weka vipandio vifupi vyenye urefu ulio sawa, kwa sababu mguu wa mzee hukosea pale kipandio kimoja kinapozidi kingine.

Panga mawe pembeni mwa njia na uyapake chokaa. Zamani tulifanya hivyo kwa ajili ya pambo la shule na ofisi. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, mstari mweupe ni taa. Kwa asiyeona vizuri kabisa, wenyeji wa Korogwe wana dawa iliyo karibu: kamba ya katani. Simika nguzo imara kila baada ya hatua chache, ufunge kamba kwa kuikaza, kimo cha kiuno, kutoka mlangoni hadi bustanini na hadi chooni. Mkono ukiishika kamba, mguu hupata ujasiri. Kamba hiyo ni ya kuongoza tu. Pale pa kujishikiza kwa uzito, weka ubao au mti mgumu.

Shimo la choo cha zamani lisisahauliwe. Mashimo mengi yalifukiwa kwa miti na udongo, na miti hiyo huoza chini kwa chini. Lijaze kabisa kwa mawe na kifusi, kisha ulizungushie uzio. Shimo la taka nalo liwe na ukingo unaoonekana.

MWINULIE ARDHI

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini kwa mzee kuinama ndiko kunakoleta kizunguzungu na maumivu ya kiuno. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu hasa hushikwa na kizunguzungu wanapoinuka ghafla. Ikiwa mzee hawezi kuinama, basi tumwinulie kile cha mvunguni.

Tuta la kuinuliwa hujengwa kwa matofali, mawe au mabanzi. Kimo cha futi 2 kinamtosha mzee anayefanya kazi akiwa ameketi. Anayependa kusimama anahitaji kimo cha kiuno. Upana ndio unaokosewa na wengi. Kama tuta linafikiwa kutoka pande mbili, lisizidi futi 4. Kama linafikiwa kutoka upande mmoja, futi 2 zinatosha. Kipimo cha hakika ni mkono wa mwenye bustani: aketi, anyooshe mkono bila kuegemea mbele, na pale vidole vinapofika ndipo mwisho wa tuta.

Kama matofali ni ghali, tumia gunia. Simamisha gunia imara, weka nguzo ya kokoto katikati kwa kutumia kopo lisilo na kitako unalolipandisha kila unapojaza, na pembeni weka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Toboa matundu ubavuni na upande mchicha, sukuma wiki au matembele. Maji humwagwa juu ya kokoto nayo hujisambaza yenyewe. Gunia moja huzaa mboga nyingi, na mzee huchuma akiwa amesimama wima.

Kiti nacho ni zana. Kigoda kifupi tulichokizoea humkalisha mzee vizuri lakini humtesa anapotaka kuinuka. Tengeneza benchi la kimo cha goti, likiwa kivulini, na kando yake simika nguzo ya kushika. Lakini kivuli hicho kisiwe chini ya mnazi wala mfenesi, maana nazi na fenesi haziulizi umri. Embe na papai zichumwe kwa kigoe kirefu. Kupanda mti si kazi ya mzee.

NDOO NA JUA

Wilaya ya Handeni inajulikana kwa shida ya maji. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa unaojulikana kwa jina la HTM, unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mabomba kuelekea Handeni. Hata hivyo, kutoka bombani mpaka nyumbani maji hubebwa na mtu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kijana huitwika bila kufikiri. Mzee aliyeibeba kichwani haoni anapokanyaga, na akiteleza hawezi kujiokoa.

Kwa hiyo ndoo kubwa ibebwe na vijana, ijaze pipa lililo hatua chache tu kutoka bustanini. Mzee atumie keni ndogo au kidumu cha lita 5, au viwili vidogo, kimoja kila mkono, ili mwili usiegemee upande mmoja. Pipa liwe na mfuniko mzito kwa usalama wa wajukuu, na bomba chini ili asilazimike kuinamia ndani. Weka mfereji wa bati ukingoni mwa paa ukusanye maji ya vuli na masika. Tandaza nyasi kavu juu ya matuta ili unyevu udumu, lakini si juu ya njia, kwa sababu nyasi zilizoloa huteleza.

Kuhusu jua, kazi ifanywe asubuhi, umande ukishakauka na nuru ikiwa imetanda, au jioni kabla ya giza. Mzee hahisi kiu upesi kama kijana; mwili wake waweza kuwa mkavu naye asijue. Awe na kikombe cha maji karibu, anywe hata kabla ya kuona kiu. Kofia pana au ukaya wa kanga si urembo, ni kinga.

MIIBA, UTOMVU NA ZANA

Mjini Korogwe nilizungumza na mzee mmoja aliyefanya kazi ya kukata mkonge kwa miaka mingi katika mashamba ya huko. Zao hilo liliingia nchini mwaka 1893, na tangu hapo limekuwa sura ya Mkoa wa Tanga. Mzee huyu ameotesha mkonge kuzunguka bustani yake kuwa ua, lakini kila jani limekatwa ncha.

"Shambani tulifundishwa kukata mwiba kabla ya kufunga mzigo," alisema. "Hapa nyumbani nilisahau, na siku moja nikainama kuokota jembe. Jani likanikosa jicho kwa upana wa ukucha. Tangu siku hiyo sina mwiba hapa."

Somo la mzee huyu ni letu sote. Mtu akiinama, jicho lake hushuka hadi kimo cha ncha ya mkonge, ya mnanasi, na ya mambo za nyanya. Kata ncha za mkonge, funika vichwa vya mambo kwa makopo au vitambaa, na punguza michongoma iliyoingia njiani. Kadhalika jihadharini na ua wa minyaa. Utomvu wake mweupe ukiruka jichoni huchoma vikali na huweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Kuupogoa minyaa ni kazi ya kijana aliyevaa miwani ya kukinga macho. Utomvu ukimpata mtu, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha aende hospitali.

Jembe la mzee liwe jepesi na kali, kabari imekaza, na mpini ulingane na kimo chake. Jembe butu humchosha. Mpini mfupi humkunja mgongo. Reki isilazwe na meno juu. Zana zote zitundikwe ukutani, na mipini ifungwe kitambaa chekundu ili isipotee majanini. Kandambili ziachwe mlangoni. Buti au makatambuga yenye kamba nyuma ya kisigino ni bora. Kanga ifungwe isiburure. Kwa mzee mwenye kisukari, viatu ni amri: miguu yake yaweza kuchomwa na mwiba asihisi, na kidonda kidogo kikaishia katika kukatwa mguu.

Dawa za kuulia wadudu zisikae ndani ya chupa za soda wala juisi. Mwenye macho hafifu hawezi kusoma maandishi madogo, na chupa ya soda kila mtu anajua ni ya kunywa. Kwa bustani ndogo, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa majini yanatosha kwa wadudu wengi.

NYOKA NA PEPOPUNDA

Katika Handeni na Korogwe nyoka si hadithi. Kifutu hakimbii asikiapo kishindo. Hulala kimya kwenye majani makavu, rangi yake ikifanana nayo, hata mtu amkanyage. Swila hutema sumu machoni. Basi fyeka nyasi, ondoa lundo la kuni, matofali na mabua karibu na njia, na mzee agonge ardhi kwa mkongojo na kugeuza majani kwa fimbo kabla ya kupeleka mkono. Usiku asitoke bila tochi.

Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msimnyonye jeraha wala kumfunga kamba ya kukata damu. Mvueni pete na bangili, atulie, mguu au mkono ulioumwa ufungwe ubao usitikisike kama uliovunjika, na achukuliwe upesi hospitali. Akitemewa sumu machoni, aoshwe kwa maji mengi.

Pepopunda ni hatari nyingine iliyojificha katika udongo na samadi. Mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto ulianza mwaka 1975. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuchanjwa utotoni. Akina mama wengi walichanjwa walipokuwa wajawazito, lakini akina baba hawakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo uliza kituo cha afya kuhusu chanjo ya mzazi wako kabla hajajikata, wala msidharau kijeraha cha panga.

IKITOKEA AMEANGUKA

Hata bustani iliyotengenezwa vema haimzuii mtu kuanguka daima. Mzee awe na njia ya kuita: filimbi shingoni, debe na kijiti kando ya benchi, au simu mfukoni. Mjulishe jirani na balozi wa shina kwamba mzee hufanya kazi bustanini saa fulani, wapitishe jicho.

Akianguka, msimkwapue kwa mikono. Mwacheni apumue, muulizeni panapouma. Kama nyonga inauma, au mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, asisimamishwe. Abebwe juu ya mlango au ubao mpana hadi hospitali, iwe ya Magunga kwa aliye Korogwe, au ya Handeni kwa aliye huko. Kumkanda nyumbani ni kumwongezea madhara.

SIKU MBILI ZA LIKIZO

Turudi kwa bibi wa Handeni. Baada ya kuanguka mara ya pili, mtoto wake wa kati alikuja likizo. Safari hii hakuitisha kikao. Alipanda darini, akalishusha jembe, akafupisha mpini. Siku ya kwanza alichonga njia na kung'oa visiki. Siku ya pili alijenga tuta la mabanzi, akamwita mama yake alione.

Bibi aliketi, akanyoosha mkono, akasema mkono haufiki katikati. Mtoto akalivunja tuta, akalijenga upya, jembamba zaidi. Hapo ndipo bibi alipocheka, na mtoto akajua kwamba bustani imepata mwenyewe.

Ndugu msomaji, kisa hiki kina funzo moja kubwa kuliko vipimo vyote nilivyovitaja. Mara ya kwanza watoto waliamua kwa ajili ya mama yao. Mara ya pili mtoto mmoja alimuuliza. Nawe utakapofika nyumbani na misumari na chokaa, kwanza uliza: ni wapi unapopaogopa, Mama? Ni wapi unapochoka, Baba? Watakuonyesha mahali ambapo macho yako ya kijana hayaoni.

Nilipoaga, bibi alinifungia fungu la mchunga kwa ukindu. Nilitaka kulipa, akakataa. "Mboga ya kununua ipo sokoni," alisema. "Hii ni ya kupewa."